Jina la batiki na hatima ya chapa ya shaba

Wanunuzi katika soko la Beringharjo mjini Yogyakarta, au Klewer mjini Solo, kisiwani Java nchini Indonesia, hufundishwa kipimo kimoja rahisi: pindua kitambaa. Batiki huzamishwa nzima ndani ya rangi, na palipobaki peupe ni pale palipokingwa na nta, kwa hiyo nyuma yake hukolea karibu sawa na mbele. Kitambaa cha printi hupokea rangi upande mmoja, na nyuma yake huwa imefifia. Kwa pamba nzito kipimo hiki bado kinafaa. Kwa rayoni nyembamba hakifai tena, maana rangi ya mashine hupenya hadi upande wa pili, na mnunuzi aliyejiona mjanja huondoka na printi akidhani amenunua kazi ya nta.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Indonesia inacho kiwango cha taifa, SNI 0239, kinachosema batiki ni kazi ya mikono inayotiwa rangi kwa kukingwa na nta ya moto, kwa kutumia chantingi, yaani kalamu ya kuandikia kwa nta, au chapa, yaani mhuri wa kupigia nta, ili kupata nakshi yenye maana. Kwa tafsiri hiyo, kitambaa kilichochapwa kiwandani kwa nakshi ya parang au kawung si batiki hata kama nakshi yenyewe imenakiliwa bila kasoro. Ni nguo yenye nakshi ya batiki. Lakini kiwango hicho hakimfikii muuzaji dukani, na neno "batiki" linaandikwa kwenye kila kitu, kuanzia kitambaa cha hariri kilichochukua miezi hadi shati la printi linalotundikwa kando ya barabara. Wengine wanasema lugha ni ya watu na watu wameshaamua. Wengine wanataka jina libaki kwa nta peke yake, na hao ndio wanaodharauliwa zaidi, wakiitwa wapenda mambo ya kale au matajiri wanaotaka kuvaa kisichovaliwa na wengine.

Upande wa printi una hoja za kweli. UNESCO ilipoiingiza batiki ya Indonesia katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, tarehe 2 Oktoba 2009, siku hiyo ikawa Siku ya Batiki ya Taifa. Watumishi wa serikali, benki na shule wanavaa batiki siku maalumu za wiki. Hakuna karakana za nta zinazoweza kuwavisha watu zaidi ya milioni 270 kwa bei wanayoimudu. Mzazi anayenunua sare ya mtoto anahitaji kitu kinachofuliwa kila wiki bila kuchuja. Mashine za printi zinatoa maelfu ya mita kwa siku, na ni mashine hizo zilizowazoesha vijana kuvaa nakshi ya mega mendung ya Cirebon juu ya suruali ya jinzi. Upo pia mfano ulio karibu nasi. Kitenge chenyewe kilianza kama batiki ya kuigiza: viwanda vya Uholanzi, kikiwemo Vlisco kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846, vilitaka kuiiga batiki ya Java kwa mashine, soko kubwa likapatikana Afrika Magharibi, na leo hakuna anayemwambia mama wa Kisumu au Mwanza kwamba kitenge chake si nguo halisi.

Mfano huo wa kitenge, hata hivyo, unageuka ukiutazama kutoka Java. Kitenge kilipata jina lake, soko lake na maana zake. Hakikubaki kikiuzwa kwa jina la batiki karibu na batiki yenyewe. Na jambo linalosahauliwa ni kwamba Wajava walikwisha kulijibu shambulio la mashine mara moja, katikati ya karne ya 19, na hawakulijibu kwa kulalamika. Walibuni chapa ya shaba. Vipande vyembamba vya shaba hukunjwa kufuata mistari ya nakshi, husimamishwa wima na kuunganishwa kwa risasi juu ya fremu yenye mshikio. Chapa moja huwa na upana wa kama sentimita 20. Neno lenyewe, "cap", hutamkwa "chap", na ni ndugu wa "chapa" yetu, yote mawili yakiwa yametoka Bara Hindi. Kwa chombo hicho karakana ya Java iliweza kushindana kwa bei na kitambaa cha mashine kilicholetwa na meli, na nta ikabaki nta.

Kwa hiyo wanaodai jina libaki kwa nta hawatetei kazi ya polepole dhidi ya kazi ya haraka. Chapa ni kazi ya haraka. Kitambaa cha kuandikwa kwa chantingi, cha urefu wa mita 2.5 na upana wa mita moja na kidogo, kinaweza kuchukua mwezi, miwili au zaidi, kutegemea wingi wa vitone na vistari vinavyojaza nakshi. Mpigaji chapa hodari hutia nta vitambaa kadhaa kwa siku moja. Si wapinzani wa kompyuta pia: kikundi cha Batik Fractal cha Bandung kilitengeneza programu inayochora nakshi kwa hesabu za fraktali, kisha nakshi hiyo hupelekwa kwa watu wa nta wakaifanya batiki. Ziko pia chantingi za umeme zinazoshika joto la nta bila kuhitaji jiko la pembeni. Yote hayo yanakubalika chini ya tafsiri ile ile. Kinachokataliwa ni kuiondoa nta na kulibakisha jina.

Kwa nini nta iwe na uzito kiasi hicho? Mtu aliyewahi kuona batiki za vikundi vya akina mama Tanzania anajua msingi wake: nta iliyoyeyushwa, mhuri wa mbao au sponji, ndoo ya rangi yenye kostiki na haidrosalfaiti, kemikali za kuyeyushia rangi. Java imeusukuma msingi huo mbali. Nta yake, malam, ni mchanganyiko wa parafini, nta ya nyuki, utomvu mkavu wa msonobari, utomvu wa damar na mafuta ya ng'ombe, na kila kimoja kina kazi. Parafini ikizidi, nta hukatika na rangi huingia kwenye nyufa. Utomvu huishikisha nta kwenye uzi, lakini ukizidi nta hugoma kutoka wakati wa kuchemsha. Nta ya nyuki huipa ulaini, na mafuta ya ng'ombe huishusha joto la kuyeyuka. Karakana huwa na nta ya mistari na nta nyingine, nzito na yenye kunata zaidi, ya kuziba maeneo makubwa.

Mpigaji chapa huweka sufuria pana, bapa, juu ya moto mdogo. Ndani yake huwa na wavu na tabaka za kitambaa zilizolowa nta, na chapa hulazwa juu yake hadi shaba ipate joto. Kisha huinyanyua, huikung'uta tone lililoning'inia, na kuibonyeza juu ya meza iliyowekwa mto wenye unyevu ili nta isigande mezani. Chapa ikiwa baridi, nta hukaa juu ya uzi bila kupenya, na kitambaa kikitoka kwenye rangi upande wa nyuma unakuwa na madoa. Ikiwa moto kupita kiasi, mistari huvimba na kuungana, na nakshi ndogo huzibika. Mapigo ya chapa lazima yakutane kwenye kona. Pengo la milimita mbili huonekana baada ya rangi kama mshono wa giza unaovuka kitambaa kizima. Nakshi nyingine hupigwa moja kwa moja, nyingine kwa kuruka nusu hatua, nyingine kwa mshazari, na nyingine kwa kuzungusha chapa. Kitambaa ambacho hakikufuliwa vizuri kuondoa kanji ya kiwandani huikataa rangi hata kama nta imewekwa kwa ustadi.

Baada ya nta huja rangi, nayo lazima iwe baridi, la sivyo nta inalainika. Naftoli, aina moja ya rangi, huyeyushwa kwa kostiki, kitambaa huzamishwa, huchujwa, kisha huingizwa kwenye maji ya chumvi ya diazo, na rangi hutokea papo hapo. Indigosoli, aina nyingine, husubiri jua na asidi. Mwisho kitambaa huchemshwa katika maji yenye magadi soda, kikipandishwa na kushushwa hadi nta ielee juu, iokolewe na kuchanganywa tena na mpya. Kwa rangi mbili au tatu, mzunguko huu wa nta, rangi na kuchemsha hurudiwa.

Sasa tazama kinachotokea sokoni jina likiwa halina mpaka. Batiki bora ya kuandikwa haiko hatarini kwa namna moja na batiki ya chapa. Karakana kama ya Oey Soe Tjoen huko Kedungwuni, karibu na Pekalongan, iliyoanza mwaka 1925 na kusifika kwa kutia nta pande zote mbili kwa usahihi ule ule, ina wateja wanaongojea zamu na wanaojua wanacholipia. Jicho likizoea kidogo huitambua chantingi: hakuna vitone viwili vinavyolingana kabisa. Printi nayo haina hofu, kwa kuwa bei yake ni ya chini kuliko zote. Anayeumia ni mwenye chapa, aliye katikati. Nakshi yake hujirudia kwa ukamilifu kama ya mashine, kwa hiyo machoni pa mnunuzi inafanana na printi. Bei yake inabeba nta, moto, rangi na mshahara wa mtu aliyesimama siku nzima mbele ya moshi wa malam, kwa hiyo haiwezi kufanana na printi. Vitambaa viwili vikitundikwa bega kwa bega, vyote vimeandikwa "batiki", kimoja kikiwa na bei mara tatu ya kingine, mnunuzi mwenye akili timamu huchukua cha bei nafuu. Hajaikataa nta. Hakuambiwa kwamba ipo.

Na chapa ikianguka haianguki peke yake. Anayeunganisha vipande vya shaba anaishi kwa oda za wapigaji chapa. Mchanganyaji wa malam anauza kilo nyingi kwa chapa kuliko kwa chantingi, kwa sababu chapa inakula nta haraka. Mabirika ya rangi yanaandaliwa kwa ajili ya mafungu makubwa, na kitambaa cha chantingi hupenyezwa humo humo. Batiki za mseto, ambazo chapa hutoa mistari mikuu na wanawake hujaza kwa chantingi, ndizo zinazowapa vijana mahali pa kujifunza mkono kabla ya kukabidhiwa kitambaa cha miezi miwili. Ukiondoa tabaka hili la kati, batiki ya kuandikwa itabaki, lakini itabaki kwenye makumbusho na makabati ya wakusanyaji, ikinunua malam kwa bei ya dawa.

Hoja nzito zaidi dhidi ya watu wa nta ni ya mazingira, nami naona wengi wao wanaikwepa. Mito ya Pekalongan hubadilika rangi kwa maji ya karakana za nyumbani, yenye naftoli, kostiki na mabaki ya nta. Kiwanda kikubwa cha printi kinaweza kubanwa kujenga mtambo mmoja wa kusafisha maji, ilhali karakana mamia za uani ni vigumu kuzikagua. Rangi za asili si jibu la haraka. Kahawia ya soga, rangi ya jadi ya batiki, hutokana kwa sehemu na gome la Ceriops tagal, ambao pwani yetu tunauita mkandaa, na kuuvuna kwa wingi kungekula mikoko inayohitajika kuzuia bahari isiimeze Pekalongan, mji ambao tayari unafurikwa na maji ya bahari. Jibu la kweli ni mabwawa ya pamoja ya kusafisha maji kwa kila mtaa wa karakana, nayo yanahitaji fedha. Karakana isiyoweza kuuza kwa bei ya haki haitachangia hata senti.

Serikali imejaribu. Mwaka 2007 ilianzisha nembo ya Batikmark, yenye maandishi ya dhahabu kwa batiki ya kuandikwa na rangi nyingine kwa chapa na mseto. Mwaka 2015 wizara ya biashara ilibana uingizaji wa vitambaa vyenye nakshi ya batiki kutoka nje. Hatua hii ya pili ilipendwa zaidi, maana ni rahisi kumkasirikia jirani. Julai 2020 shirika la habari la China, Xinhua, lilipoitaja batiki kama ufundi wa makabila ya China, Waindonesia walifoka mtandaoni, ingawa Wamiao wa Guizhou kweli wana batiki yao ya nta. Hasira hiyo ilikosea njia. Printi inayomwondoa mpigaji chapa sokoni huwa pia ya kiwanda cha Java, na inavaliwa na watu wanaoipenda batiki kwa moyo wote. Nembo nayo ina kasoro ya kumtaka mwenye nta, mdogo na asiye na muda, ajithibitishe, wakati printi haidaiwi kusema chochote.

Mzigo huo ungegeuzwa. Kiwanda cha printi kina wino, kina lebo na kina pindo la kitambaa, na maneno "nakshi ya batiki, printi" yangechapwa pindoni kila mita bila kuongeza gharama ya maana. Printi ingeendelea kuuzwa, kuvaliwa na kupendwa. Na ofisi za umma zingeanza na sare zao wenyewe. Sare ni nakshi moja, rangi mbili, ikirudiwa kwa mamia ya mita, na hakuna kazi inayoifaa chapa kuliko hiyo: chapa moja ya shaba ikishaundwa hutumika kwa miaka. Zabuni ya sare ikisema "nta ya moto, chapa, pande zote mbili", na mkaguzi akipokea mzigo huo kwa kupindua kitambaa na kukinusa, kwa sababu harufu ya malam hubaki baada ya kuchemshwa, karakana za Pekalongan zitapata oda za mwaka mzima.