Nimelala Porini Australia, Sasa Nadai Choo Barabarani Kwetu

Watanzania wengi wa hapa Adelaide tunaijua Australia kwa vipande vitatu: nyumbani, kazini, na ukumbi wa sherehe Jumamosi usiku. Anayebeba boksi ghalani, anayelea wazee kama mimi, anayesoma mchana na kuosha vyombo usiku, sote tunazunguka humo humo mwaka mzima. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba likizo yangu napakia hema kwenye gari na kuelekea kaskazini peke yangu mpaka lami iishe, dada mmoja mwenyeji wa Mbeya alinipandisha na kunishusha kwa macho. "Mwenzangu, umetoka Kibaigwa kule Dodoma, umehangaikia makaratasi, umefika majuu, halafu unakwenda kulala chini porini? Tena unalipia?"

Watu walicheka, na hoja yake naiheshimu. Kwetu anayelala nje ni mchunga ng'ombe, mlinzi, au abiria ambaye basi lake limeharibika. Kulala porini kwa raha ni mambo ya watalii. Lakini nimekwenda, nimerudi, na nina la kusema: wanaoisifia Australia kwa majengo ya Sydney wanasifia pasipostahili. Kinachonitia wivu mimi ni choo.

Nieleze njia kwanza. Kutoka Adelaide unapita mashamba ya ngano zaidi ya kilomita 300 hadi Port Augusta, kisha unakunja kuingia milima ya Flinders. Miji inayofuata ni Quorn, Hawker, Leigh Creek, Lyndhurst, magofu ya Farina, na mwisho Marree. Baada ya Marree ni vumbi tupu, njia moja ikielekea Birdsville na nyingine Oodnadatta. Safari hii watu huifanya wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, kwa sababu kiangazi joto hupita nyuzi 40, nzi hawakupi nafasi ya kufungua mdomo, na kuwasha moto nje ni marufuku. Usiku wa Julai, kwa upande mwingine, baridi inakaribia nyuzi sifuri. Mablanketi mawili hayatoshi, hilo nakuonya mapema.

Nikisema mji, usifikirie mji wenye pilikapilika kama Gairo ya kwetu. Mji wa kule ni sheli moja, baa yenye vyumba vya kulala, shule, mnara wa majina ya askari waliokufa vitani, na bustani yenye kivuli. Kwenye bustani hiyo ndipo mambo yalipo. Kuna meza na mabenchi, bomba la maji, jiko la umeme la kuchomea nyama ambalo unabonyeza kitufe na kupika bila kulipa senti, na choo. Choo kina maji, kina karatasi, kina mlango unaofungika. Hakuna mtu mlangoni wa kukudai chochote. Ukitoka nje ya mji, penye maegesho ya kupumzikia, utakuta choo cha shimo, nacho kimefagiliwa. (Jiko lile ni bamba la chuma, hivyo ugali hausongeki. Hiyo ndiyo kasoro pekee niliyoiona.)

Serikali yao ina hata ramani ya vyoo vya umma vya nchi nzima. Unafungua simu, unaona choo kinachofuata kiko kilomita ngapi. Niliangalia ramani ile nikiwa Hawker nikawaza basi la Dar hadi Dodoma. Dereva anapaki pembeni, kondakta anatangaza kuchimba dawa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mama mtu mzima na khanga yake anatafuta kichaka huku malori yakipita na kupiga honi. Tumelifanya jambo hili utani wa taifa. Anayecheka ni yule ambaye hajawahi kusafiri akiwa na mimba ya miezi saba au akiwa kwenye siku zake. Mama yangu mpaka leo siku ya safari hanywi chai wala maji tangu asubuhi, na alitulea hivyo hivyo, tukidhani ni sehemu ya kusafiri kama vile kukata tiketi.

Najua jibu linalokuja: wenzetu ni matajiri. Sawa, lakini tazama hesabu yenyewe. Wakazi wote wa Marree wangeenea kwenye mabasi mawili. Kibaigwa pale kwetu kuna soko la mahindi linalolisha mikoa na kuvuka mipaka, na barabara kuu inapitisha mabasi usiku na mchana. Watu wanaopita Kibaigwa kwa siku moja, sidhani kama Marree inawapata kwa msimu mzima. Na kwenye stendi zetu nyingi pesa ya choo inatozwa tayari! Unatoa mia mbili, unakuta ndoo haina maji. Kwa hiyo pesa ipo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeona mwanamke anayesafiri kuwa mtu wa kuandaliwa mahali.

Hapo ndipo sifa zangu kwa Australia zinapokomea, maana mambo mengine niliyoyaona njiani yalinifanya niwaonee huruma.

Kati ya Quorn na Hawker kuna magofu ya mawe yanaitwa Kanyaka. Lilikuwa shamba kubwa la kondoo lililoanzishwa miaka ya 1850, likiwa na familia zipatazo 70. Ukame wa miaka ya 1860 ulilipiga vibaya, na baadaye likaachwa. Wakati wa ukame huo mpimaji wa serikali, George Goyder, alipanda farasi mwaka 1865 akachora mstari: kusini ya hapa limeni, kaskazini ya hapa mvua si ya kutegemea, fugeni tu. Miaka ya 1870 mvua zikanyesha vizuri, watu wakamwona Goyder mwoga. Ikasemwa kwamba ukilima, mvua itafuata jembe. Wakavuka mstari wake, wakajenga Farina mwaka 1878 wakiota ngano, wakaweka hoteli, posta, shule, tanuri la mikate chini ya ardhi. Ngano haikukubali. Leo Farina ni kuta zisizo na paa, ila kila kipupwe watu wa kujitolea huja kwa wiki kadhaa, huwasha lile tanuri la zamani na kuuza mikate. Nililala hapo. Mkate ni mzuri, sikatai.

Sasa mtu wa Wilaya ya Kongwa, ilipo Kibaigwa yetu, akisimama Farina, hawezi kukosa kucheka kwa uchungu. Sisi Waingereza walituletea jambo hilo hilo mwaka 1947, wakaliita mpango wa karanga. Walikuja na matrekta na makabrasha ya mipango, wakafyeka pori la Kongwa, wakajenga na reli. Udongo ukakauka ukawa mgumu hadi kuvunja majembe ya trekta, mvua ikaja itakavyo, na mwaka 1951 wakafunga virago. Reli ikang'olewa. Wagogo walikuwa wamelima mtama na uwele pale vizazi na vizazi, na si kwa kupenda tu. Kumbe kabla ya kuja kutupuuza sisi, ndugu zao walikuwa wameshampuuza mpimaji wao wenyewe, Mzungu mwenzao, mwenye ramani mkononi!

Leigh Creek ilinisikitisha zaidi kwa sababu haijawa gofu. Ni mji wa makaa ya mawe. Mapema miaka ya 1980 mgodi ulipopanuka, mji mzima ulihamishwa ukajengwa upya kusini, kwa ustadi: barabara zilizopinda, miti, bwawa la kuogelea, hospitali, uwanja wa ndege. Waliwahi kuishi hapo watu zaidi ya elfu mbili. Mgodi ulifungwa Novemba 2015, mwaka uliofuata mtambo wa umeme wa Port Augusta uliokuwa ukila makaa hayo nao ukazimwa, na watu wakaondoka. Nilitembea mitaa yake jioni, nyumba kwa nyumba, mapazia yamefungwa, hakuna hata mbwa wa kunibwekea. Choo cha umma? Safi kabisa.

Kwa hiyo wanaosema "pelekeni huduma vijijini, vijana hawatakimbilia mjini" waende Leigh Creek. Huduma zote zilikuwepo, na vijana waliondoka siku kazi ilipoondoka. Kibaigwa haikujengwa na kampuni yoyote wala haikuchorwa na mpimaji; imetokana na mahindi na barabara, na watu wamejazana pale kabla hata maji hayajatosha. Nikilazimishwa kuchagua kati ya mji wenye kila kitu isipokuwa watu, na mji wenye watu ambao unasubiri kila kitu, nachagua wa pili bila kufikiri mara mbili. Ila sioni kwa nini nilazimishwe.

Marree nayo ilikuwa na siku zake. Ilikuwa kituo cha reli ya kwenda Alice Springs, na pia ilikuwa mji wa ngamia. Wachunga ngamia walitoka Afghanistan na maeneo ambayo leo ni Pakistan, Wabulushi wakiwemo, wa kabila lile lile la askari wa masultani waliobaki Zanzibar na Mombasa. Walijenga msikiti wa udongo, na mfano wake umesimama hapo hadi leo. Walipanda mitende. Reli iliugawa mji: Wazungu upande mmoja, wachunga ngamia na wenyeji weusi wa nchi upande wa pili. Mwaka 1980 reli ya Alice Springs ikahamishiwa magharibi mbali na hapo, na hatimaye Marree ikabaki na stesheni isiyo na treni. Nawaza vituo vyetu vya reli ya kati, hasa sasa ambapo treni ya umeme inafika Dodoma tangu 2024 na abiria wanapita vituo vya zamani bila kuviona dirishani. Sijui kama kuna anayevifikiria.

Na hili nalo tuliseme sisi wahamiaji, maana tunapenda kurudia maneno ya wenyeji wetu kwamba kule ndani "hakuna kitu". Milima ya Flinders ni nchi ya Waadnyamathanha. Karibu na Wilpena kuna mwamba uitwao Arkaroo wenye michoro yao inayosimulia jinsi milima ile ilivyoumbwa. Walisukumwa kutoka kwenye maji yao na wafugaji wa kondoo, na ilipofika 2009 ndipo mahakama ikatambua rasmi kwamba wana haki za asili juu ya ardhi hiyo. Ule utupu watalii wanaoupiga picha ulitengenezwa na watu. Mimi mwenye pasipoti ya Tanzania nimelipa kiingilio nikalala vizuri juu yake, na sina jibu zuri la kujipa kuhusu hilo.

Mnaniuliza kuhusu usalama, mwanamke peke yangu. Niseme ukweli, usiku kule sikumwogopa mtu, kwa sababu mtu hayupo. Niliogopa kangaruu, ambao jioni hujitupa barabarani ghafla, na malori yanayovuta matrela matatu. Mtandao wa simu unakatika ukitoka mjini tu. Ukiharibikiwa, kanuni ni moja: usiliache gari, kaa kivulini na maji yako, subiri. Kila dereva unayepishana naye anainua kidole kimoja juu ya usukani kukusalimu. Mwanzoni nilikuwa napunga mkono mzima kama namuaga mgeni stesheni, baadaye nikajua kiasi. Wazee wastaafu wanaozunguka nchi na nyumba zao za kukokotwa walinipa chai, wakanikagulia matairi bila kuombwa, na hawakuniuliza mume wangu yuko wapi.

Ukiugua, anakuja daktari kwa ndege. Huduma hiyo wanayo tangu 1928, na wagonjwa wa dharura wanachukuliwa bila kutozwa. Tusidhani ni muujiza wa Wazungu wa huko: Afrika Mashariki tulianzishiwa madaktari wa ndege Nairobi mwaka 1957, ndiyo hiyo AMREF tunayoijua. Tofauti ni kwamba kule mchunga ng'ombe wa mwisho porini anajua ndege ni yake pia.

Kwetu ulinzi wa msafiri ni watu. Gari likizimika Pandambili, kwenye barabara ya Dodoma, kabla hujafungua boneti wameshafika vijana wanne: mmoja fundi, mmoja anauza maji ya baridi, wawili kazi yao ni ushauri. Utalipa kidogo zaidi ya haki, utakasirika, na utaondoka. Nimeukumbuka usumbufu ule mahali ambapo sauti pekee ilikuwa injini yangu ikipoa. Pia nimekumbuka mahindi ya kuchoma na mayai ya dirishani. Sheli ya mwisho kabla ya vumbi inauza soseji iliyofungwa kwenye karatasi kwa bei ya kuku mzima wa Singida.

Haya yote nilimwandikia kaka yangu aliyeko Kibaigwa, nikamwambia mjadala wa choo cha barabarani uanze kwake, kwa kuwa yeye hukaa kwenye vikao. Akajibu: "Choo kisafishwe na nani? Ninyi mnaobeba boksi tumeni hela, tutajenga." Nikamwambia hela sitatuma, kila gunia linaloondoka hapo linalipa ushuru wa mazao, aanze kwa kuulizia huo. Akabadilisha mada, akaniuliza bei ya hema.

Ndiyo maana nimemtajia safari. Nikija likizo tutapita Kondoa hadi Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, ambayo yeye, mtu wa Dodoma, hajawahi kuiona. Tutalala kwenye hema. Amekubali, kwa sharti kwamba kuwe na gesti karibu.