Kiti Kilichomtembeza Mzee

Mpingo haufai kwa kiti kizima. Nilimwambia hivyo yule mzee wa Kilwa alipokuja karakana kwangu Keko, ila alikuwa ameshaamua. Nikamweleza: mti wenyewe unataka miaka 70 na zaidi ndipo ukatwe, na hata hapo unakuwa mwembamba, umepinda, una mianya ndani. Ndiyo maana Wazungu wanatengenezea klarineti na Wamakonde wanachongea vinyago. Mbao pana utaipata wapi?

"Basi nitilie hata miguuni," akasema. Tukakubaliana: kiti cha kubembea cha mninga, yale matao mawili ya chini yawe mpingo.

Mpingo hauchanwi, unabembelezwa. Msumeno ulilia mpaka jirani anayechomelea mageti akaja kutupa pole. Nikawa napiga chafya nyeusi. Msumari ukigongwa unapinda. Drili ikaanza kutoa moshi, kijana wangu akakimbilia ndoo ya maji. Gundi nayo haikushika, kwa ajili ya mafuta ya mti, ikabidi nifunge kwa bolti. Kipande kilichobaki kikaangukia kwenye ile ndoo, kikazama kama jiwe.

Lakini ukishapigwa msasa laini! Vanishi ya nini? Yale matao yaling'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake.

Siku ya kupeleka, mzee alikuwa ameita majirani. Tukakiweka barazani, juu ya vigae vipya. Akakaa na kikombe cha kahawa mkononi, akabembea, akafumba macho. "Mashallah, fundi."

Sasa baraza ile, fundi mwashi aliilaza kidogo kuelekea uani ili maji ya mvua yasituame. Kazi safi kabisa, kwa maji. Kila mzee akibembea, kiti kinarudi nyuma upana wa kidole. Mwenyewe hana habari, anasimulia Kilwa ya utotoni mwake, na sisi tunasogeza viti vyetu kumfuata tusikose hadithi.

Bibi akatokea na sinia la vitumbua. "Baba watoto, unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Si nimekaa?"

"Umekaa ngazini!"

Alifumbua macho tao la kushoto likiwa limeshakosa kigae. Niliruka kushika mkono wa kiti, mpingo ukanikanyaga kidole gumba. Mzee akashuka vidaraja viwili, amekaa vilevile na heshima zake zote, akatua kwenye tenga la kuku. Kuku wakatoka wanalalamika. Kahawa ilibaki kikombeni, zaidi ya nusu.

Fundi mwashi akaitwa. Akasema kiti ndicho kibovu. Mimi nikaagiza pimamaji, tukailaza kwenye vigae mbele ya watu wote. Kiputo kikakimbilia upande wa nyumba, yaani uani ndiko chini.

"Mnaona?" nikasema.

"Nimeilaza makusudi," akajibu. "Nani alikutuma ubembeze watu kwenye mfereji?"

Nikajitolea kupigilia vipande vya tairi chini ya matao ili kiti kitulie. Mzee akaja juu: asikiguse mtu! Siku hizi baada ya alasiri anaanzia mlangoni na redio yake, anabembea taratibu. Tenga la kuku limehamishwa. Mjukuu anakaa kidaraja cha juu, na karibu na maghribi unamsikia akipaza sauti: "Babu, umefika!"