Viti vizuri, lakini ngazi je?

Makala yenu imesifu waheshimiwa kwa ugawaji wa viti vya magurudumu kwa watoto wenye ulemavu. Sawa, ila mwandishi angewafuata hadi nyumbani. Jirani yangu hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, anaishi orofa ya tano, na lifti hakuna. Mwanawe ana mtindio wa ubongo, na sasa ni kijana mzito. Mama humbeba mgongoni ngazi zote hizo, kisha hurudi chini kufuata kiti (akikikuta). Stejini makanga humtaka akilipie hicho kiti nauli yake, kama gunia la viazi. Na Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010, kuhusu haki za watu wenye ulemavu, imetaja usafiri wa umma waziwazi!

Pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa familia kama hii, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Nepi tu zinazimaliza. Kibarua cha kufua nguo aliacha, maana nani atabaki na mtoto? Mimi ningeanzia hapo: kila wadi iwe na kituo cha kuwatunza watoto hawa mchana, chenye mtu anayejua mazoezi ya viungo, wazazi nao waende kazini. Waheshimiwa mliowapiga picha waulizwe hilo.