Kunguru na Yangeyange Chini ya Mwavuli Mmoja

Mwanamke kavaa nyeupe, mwanaume kavaa nyeusi. Kwa sisi tuliokulia pwani, hilo peke yake linatosha kutusimamisha, maana macho yetu yamezoea kinyume chake: kanzu nyeupe ya bwana, buibui jeusi la bibi. Theluji inaanguka, nao wanatembea chini ya mwavuli mmoja.

Ni picha ya Suzuki Harunobu, msanii wa Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, ya mwishoni mwa miaka ya 1760. Wapenzi hawa wamepewa jina la Kunguru na Yangeyange.

Wengi wanaoifafanua wanaona safari ya kifo. Zamani hizo michezo ya jukwaani ilisimulia wapenzi waliozuiwa kuoana, wakatoka usiku kwenda kujiua pamoja. Mchezo mmoja wa mwandishi Chikamatsu, wa mwaka 1703, ulitokana na kisa cha kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1720 serikali ikaipiga marufuku michezo hiyo. Tena Japani maiti huvishwa nyeupe. Hoja ina uzito, siikatai. Lakini bibi harusi wa huko naye huvaa nyeupe. Hata kwetu sanda ni nyeupe, na kanzu ya bwana harusi ni nyeupe.

Mimi kifo sikioni. Kinachonishika ni ile theluji na lile vazi la mwanamke. Karatasi nene iligandamizwa juu ya kibao cha mbao kilichochongwa, bila wino, karatasi ikatuna, nakshi ikabaki ya kupapaswa kwa kidole. Hiyo ni raha ya mtu aliyeishika picha mkononi, karibu na taa. Msanii anayetaka nihuzunike angenipa kitambaa cha kupapasa? Na mpaka leo watoto wa shule Japani wakitaka kuwatania wawili wanaopendana huchora mwavuli, wakaandika majina yao chini yake.

Nilimwonyesha shangazi kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili, akazitazama nyuso kwa muda mrefu.

"Hawa walinuniana," akasema. "Mvua imewapatanisha."

"Si mvua, shangazi, ni theluji."

"Yote maji, mwanangu. Ingekuwa miavuli miwili, usingewaona wamekaribiana hivyo."