Sikuzima mwezi, nilimwaga sato

Naona sauti ya yule rafiki yangu mwenye kipara imeshafika mpaka Nyakato, eti "kuna mtu kazima mwezi Igombe." Nami nisikilizwe. Kwanza kabisa, mwezi haukuzimika.

Tulienda kulala ufukweni Igombe, huku Mwanza, ziwa mbele, majabali nyuma. Nyasi za Agosti mnazijua, ukizikanyaga zinalia kama chipsi. Msimamizi wa moto nikawa mimi. Nikafyeka hadi mchanga ukaonekana, ndipo mafiga yakawekwa. Tulipomaliza kula nikamwaga maji, nikakoroga majivu kwa kijiti, nikamwaga tena, nikagusa kwa mgongo wa kiganja hadi yakawa ya baridi. Kaa likifunikwa na majivu linaweza kukesha hai. Wakanicheka, "Afande Zimamoto." (Mko humu, nawaona.)

Saa nne usiku nikatoka hemani kwa shida binafsi, nimejifunga kitenge cha kuazima. Nikatupa jicho juu ya jabali. Wekundu! Tena unapanda. Nyasi zimesimama nyeusi mbele yake, upepo unazitikisa, ule wekundu unacheza kabisa. Na usiku upepo wa huku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo moto ukianzia kule juu, njia yake ni mahemani. Nyie mngefanyaje?

"MOTOOO!" Sauti ilipanda hadi mwenyewe nikaishangaa. Mkono huu simu, nawapigia zimamoto 114, nimeshabonyeza 11, imebaki 4. Mkono huu ndoo. Nikalipanda jabali kwa magoti, kitenge kikabaki kwenye mwiba. Kufika juu, ndoo yote nikaimwaga upande wa pili.

Hapa twende taratibu. Mle ndooni walikuwa sato wa asubuhi, wamelala kwenye maji ya ndimu, chumvi na pilipili kichaa. Niliwaona wakiruka mmoja mmoja, wanametameta. Na chini kule alikuwepo mjomba wake Kipara, amechuchumaa, tochi kwapani. Sato wa kwanza akatua begani. Wa pili kisogoni. Aligeuka aone kulikoni, ndipo pilipili ikamkuta machoni. Mjomba hakupiga kelele. Alifumba jicho moja, kwa lile lililobaki akanitazama nilivyo, bila kitenge, akatazama ule wekundu, akasema kwa upole kabisa:

"Anko, ule ni mwezi."

Ulikuwa mwezi kweli. Ulishapita mpevu, ndiyo maana ukachelewa kutoka, na moshi wa mashamba yanayochomwa kiangazi ukaupaka rangi. Elimu hiyo alinipa huku namwosha macho.

Asubuhi tulikunywa chai kavu, sato wamekula kunguru. Grupu limebadilishwa jina, sitalitaja. Mjomba anaona vizuri tu.

Na wewe Kipara, ule ukelele wangu ulioufanya mlio wa simu, ufute kabla mama hajaujua ni wa nani. Kitenge nimeshakilipa mimi peke yangu, na hukuchangia hata mia.