Pampu ya joto isiyozima: ni kasoro au ndiyo kazi yake?

Lalamiko ni lile lile. Pampu mpya ya joto, mashine ya umeme inayochota joto nje na kulihamishia kwenye maji yanayopasha nyumba, haizimi. Mchana na usiku inanguruma nje kwa sauti ya chini, radieta (vyuma vya vyumbani vinavyopitisha maji hayo) ukizigusa ni vuguvugu tu, na mwenye nyumba anahisi umeme wake unavuja. Anaitwa fundi. Fundi anaweka themostati, kifaa kinachofunga maji chumba kikipata joto lililowekwa, kila chumba, anapandisha joto la maji, anapanga saa ya kuzima usiku na ya kuwasha alfajiri. Tangu siku hiyo mashine inawaka na kuzima kama lile boila, mtambo wa zamani wa kupashia maji, lililong'olewa. Radieta zinaunguza kama zamani, lalamiko limekwisha, na bili ya umeme imepanda.

Naamini mashine hiyo imeonewa, ingawa fundi na mwenye nyumba wana hoja ambazo si za kupuuzwa.

Pampu ya kasi moja ina hali mbili tu, kufanya kazi yote au kusimama. Ile ya inveta, kifaa cha kubadili kasi ya mota, inageuza umeme wa gridi kuwa mkondo mnyoofu, kisha inautengeneza upya kuwa mkondo geu wenye hezi (mizunguko kwa sekunde) inazozitaka, hivyo kompresa yake, yaani sehemu inayokandamiza gesi inayobeba joto, inaweza kuzunguka mara 20 kwa sekunde au ikavuka mara 100. Swali linalokiongoza kidhibiti ni moja: nje kuna baridi kiasi gani? Kwa jibu hilo kinasoma mstari uliowekwa ndani yake. Nje kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, maji yatoke na nyuzi 50. Nje kukiwa nyuzi 10 juu ya sifuri, 32 zinatosha. Maji yakipungukiwa, kompresa inaongeza mwendo. Yakikaribia lengo, inapunguza kabla hayajapita. Pampu ndogo ya kuzungusha maji nayo hufuata, ikilinda tofauti ya kama nyuzi 5 kati ya maji yaendayo na yarudiyo. Vidhibiti vingine huweka hata daftari la deni: kila dakika ambayo maji yamepungukiwa uzi mmoja inahesabiwa, na kompresa haiwaki mpaka deni lifike kiwango fulani, ili isishtuke kwa kila upungufu mdogo.

Sasa twende kwenye hesabu ambayo kwangu inabeba mzozo wote. Kiwango cha Ulaya cha kupima pampu hizi, EN 14825, kinachukua hali ya hewa ya wastani ambayo siku yake ya baridi kali kabisa ni nyuzi 10 chini ya sifuri, na kinahesabu kwamba nyumba haihitaji tena kupashwa nje kukifika nyuzi 16. Siku ya nyuzi 7 chini ya sifuri nyumba inahitaji asilimia 88 ya joto la siku ile kali. Nje kukiwa nyuzi 2, ni asilimia 54. Nyuzi 7, asilimia 35. Nyuzi 12, asilimia 15.

Tazama hiyo 35. Siku za nyuzi 7 ni za kawaida kabisa katika msimu wa kupasha nyumba. Zile za kumi chini ya sifuri ni za kuhesabu kwa vidole. Maana yake, kwa sehemu kubwa ya msimu nyumba inataka kama nusu ya nguvu au pungufu, na siku ya nyuzi 7 ni kama theluthi moja tu. Mashine inayotoa nguvu yote katika siku kama hiyo lazima iwake dakika 20 na kulala 40, na katika dakika hizo 20 inasukuma joto lote kwa mkupuo, kwa hiyo maji lazima yawe ya moto zaidi ili radieta ziweze kulitoa.

Na radieta zenyewe, je? Radieta ya kawaida hutoa joto kwa kufuata tofauti kati yake na chumba, ikipandishwa kwa kipeo cha karibu 1.3. Iliyochaguliwa kwa maji ya wastani wa nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 20 ina tofauti ya 50. Ili itoe asilimia 35 tu, inahitaji tofauti ya kama 22, yaani maji ya wastani wa nyuzi 42. Radieta ile ile, bila kubadilishwa! Ule uvuguvugu anaousikia mwenye nyumba mkononi ndio kipimo sahihi cha siku ile. Mkono unadanganywa na mazoea ya boila.

Faida yake si ndogo. Nje kukiwa nyuzi 2, kanuni ya Carnot, inayoweka kikomo cha juu kwa mashine yoyote ya joto, inaruhusu uniti moja ya umeme ihamishe hadi uniti 9.3 za joto kama maji yanatoka na nyuzi 35, lakini 6.2 tu kama yanatoka na 55. Mashine halisi hufikia kama nusu ya hapo au chini yake, ila uwiano unabaki karibu ule ule. Mafundi wa fani hii hukadiria kwamba kila uzi mmoja unaoongezwa kwenye maji unakula asilimia 2 hadi 3 ya ufanisi. Mwendo wa polepole unaleta na faida ya pili, ambayo husemwa mara chache. Vibadilisha joto, sehemu ambamo joto huhama kutoka hewani na kwenda kwenye maji, vimetengenezwa kwa ajili ya nguvu yote. Kompresa ikienda taratibu, vinakuwa vikubwa kuliko kazi iliyopo. Kimiminika kinachobeba joto ndani ya mashine kinachemka kuwa gesi kwenye joto lililo karibu zaidi na la hewa ya nje, na gesi hiyo inarudi kuwa kimiminika karibu zaidi na joto la maji. Mlima wa kupanda unafupishwa pande zote mbili.

Upande wa pili unasema kihisi cha nje ni kipofu, na hapo una haki. Hakioni jua lililoingia dirishani, jiko linalowaka wala wageni kumi sebuleni. Lakini dawa yake si themostati inayokata ghafla. Kihisi cha chumbani kinaweza kuruhusiwa kuusogeza ule mstari nyuzi chache juu au chini, na kompresa ikaendelea na mwendo wake.

Kuzima usiku nako kuna ukweli ndani yake. Nyumba iliyopoa hupoteza joto kidogo kuliko nyumba yenye joto, na anayedai kwamba kuizima kunaongeza upotevu amekosea. Kazi iko alfajiri. Chumba kimeshuka nyuzi 4, saa imeamuru kirudi kabla ya kupambazuka, kompresa inapelekwa kasi ya mwisho na maji yanapanda hadi 55. Ikishindwa, hita ya umeme iliyo ndani ya mtambo inajiunga, nayo hutoa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme. Akiba ya usiku inaliwa asubuhi. Anayesafiri siku kadhaa azime bila wasiwasi. Mwenye umeme wa bei nafuu kwa saa fulani naye ana sababu ya kupanga saa zake. Kwa nyumba inayokaliwa kila siku, kushusha uzi mmoja au miwili usiku kunatosha.

Themostati za kila chumba ndizo zinazoniudhi. Nusu yake zikifunga, maji yaliyobaki hayana pa kutua joto. Yanapanda haraka, kompresa inashuka hadi mwendo wake wa chini, kisha inazima. Fundi anaongeza tangi kati ya pampu na radieta, na ndani yake maji ya moto yanachanganyika na yaliyorudi, hivyo pampu inalazimika kutengeneza maji ya moto kuliko yale yanayofika vyumbani. Hata hivyo nisilikatae tangi lenyewe. Barafu ikiganda kwenye sehemu ya nje, mashine hujigeuza na kuchota joto kutoka kwenye maji ili kuiyeyusha, na mfumo wenye maji machache unaweza kupoa kupita kiasi. Wingi wa maji unahitajika; uwekwe kwenye bomba la kurudi, pasipo kuchanganya.

Hoja yao nzito kuliko zote ni ya mwendo wa chini. Kompresa haiwezi kupunguza bila kikomo, kwa sababu mafuta yake ya kulainisha hurudi yakibebwa na gesi. Nyingi hugota kwenye robo au theluthi ya nguvu. Tena hewa ya nje ikipata joto, uwezo wa mashine unaongezeka wakati mahitaji ya nyumba yanapungua. Chukua nyumba ya kilowati 8 iliyofungiwa pampu ya kilowati 12 isiyoshuka chini ya 4. Nje kukiwa nyuzi 7 nyumba inataka 2.8, nyuzi 12, inataka 1.2. Hapo inveta na kasi moja ni kitu kimoja, na mwenye nyumba amelipia bodi za elektroniki ambazo zikiungua ni ghali. Nakubali pia kwamba pampu ya kasi moja inayochota joto ardhini na kulimwaga kwenye sakafu nene ya zege hufanya kazi vizuri, maana zege linameza kila mkupuo. Lakini kosa la kilowati 12 ni la aliyepima nyumba, aliyebeba mazoea ya boila ya kuongeza ili kuwa salama. Kidhibiti hakiwezi kulifuta kosa hilo.

Mwenye pampu anaweza kujua yuko upande gani bila kumwita mtu. Afungue themostati zote, isipokuwa za vyumba vinavyopigwa na jua sana, kisha ashushe mstari wa maji uzi mmoja kila siku mbili au tatu mpaka chumba cha baridi kuliko vyote kianze kulalamikiwa, na arudishe uzi mmoja. Mitambo mingi huonyesha kwenye skrini saa ambazo kompresa imefanya kazi na mara ilizowaka. Agawanye. Saa 3,000 kwa kuwaka mara 1,500 ni saa mbili kila inapowaka. Saa hizo hizo kwa mara 18,000 ni dakika kumi, na hapo atafute kwanza themostati iliyofunga, kisha tangi, kisha ukubwa wa mashine.