Pampu ya Usangu na pampu ya mgodini: nani aseme ipi imedhibitiwa?

Kwa wengi wanaopitisha mashine Tunduma, kazi ya kuainisha bidhaa huhesabiwa imekwisha wakala wa forodha akishaandika namba ya HS, yaani namba ya mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa forodhani. Namba ile ni ya ushuru na takwimu. Haisemi kama nchi iliyotengeneza kifaa inataka leseni kabla hakijavuka mpaka mwingine. Na kwa bidhaa za Marekani, sheria yao hukifuata kifaa hata kinapouzwa tena kutoka Mbeya kwenda Zambia au Kongo.

Bidhaa nyingi za kawaida za Marekani huangukia EAR99, fungu la jumla katika kanuni zao za usafirishaji nje: hazimo kwenye orodha ya vitu vinavyodhibitiwa, na kwa kawaida hazihitaji leseni, mradi haziendi kwenye nchi iliyowekewa vikwazo, kwa mnunuzi aliyepigwa marufuku au kwa matumizi yaliyokatazwa. Kazi iko kwenye vitu vinavyofanana kwa sura. Pampu ya kuvutia maji ya mpunga Usangu haina neno. Ya kusukumia tindikali kwenye migodi ya shaba ni habari nyingine. Ikiwa imeundwa bila sili (kizuizi cha kuzuia uvujaji) au ina sili zaidi ya moja, inapitisha zaidi ya mita za ujazo 0.6 kwa saa, na sehemu zote zinazogusa kemikali ni za titani, grafiti, kioo au plastiki za jamii ya tefloni, huingia kundi la 2B350 kwenye orodha hiyo ya Marekani. Hapo leseni hutakiwa kwa nchi zisizo wanachama wa Kundi la Australia, umoja wa nchi zinazodhibiti biashara ya vitu vinavyoweza kutengenezea silaha za kemikali na za kibayolojia, na hakuna nchi ya Afrika iliyo mwanachama.

Udhibiti huu una sababu nzito. Kundi la Australia lilianza 1985, baada ya Iraki kutumia silaha za kemikali vitani dhidi ya Irani; ilibainika kwamba sehemu ya kemikali na vifaa vyake ilipatikana kupitia biashara halali. Watu walikufa kwa sumu iliyotokana na mizigo yenye ankara safi. Siwezi kuuita huo urasimu.

Lakini sheria humtwika mzigo msafirishaji nje: ndiye aainishe, ndiye awajibike akikosea. Mwenye duka Mbeya anaona kibati chenye nguvu ya mota na kipenyo cha bomba. Aina ya sili na vitu vilivyoundia sehemu za ndani atavijuaje bila kuifungua pampu? Akiogopa, atakiita kila kitu hatari, na mkulima au mgodi utasubiri kifaa kisichohitaji leseni yoyote. Hilo nalo ni kosa, ingawa halitozwi faini.

Naona kazi igawanywe kwa ujuzi. Mtengenezaji anaijua pampu, basi aandike kundi lake kwenye ankara, na mfanyabiashara wetu adai kuandikiwa kundi hilo kabla ya kulipa. Mfanyabiashara anamjua mnunuzi, basi hilo abaki nalo: anakopeleka, kwa kazi gani, na kama majibu ya mteja yanaeleweka.

Panapobaki pagumu ni mashine zilizotumika, ambazo huku ni nyingi. Kibati kimefutika, ankara ya kwanza haipo. Kama namba ya utambulisho bado inasomeka, itumwe kwa mtengenezaji. Kama haisomeki na pampu ilikuwa ya kemikali, isipakiwe mpaka fundi aifungue na aandike alichokiona ndani.